Kijana Anataka Kwao, Jukwaa Linataka Maelezo

Mkesha wa Krismasi mwaka 2022 Feisal Salum Abdallah, ambaye nchi nzima inamwita Fei Toto, aliwaaga mashabiki wa Yanga kwa ujumbe wa mtandaoni. Alikuwa na miaka 24, kiungo tegemeo wa klabu iliyomchukua mwaka 2018 kutoka JKU ya Zanzibar, na mkataba wake ulikuwa unakwenda hadi Mei 2024. Alikuwa ameshaingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha, kisha wakaenda kulalamika kwa shirikisho la soka, TFF. Kwa miezi mitano iliyofuata kila kibanda umiza nchini kiligeuka mahakama, na vile vya Nyalikungu havikubaki nyuma.

Asiyepajua Nyalikungu aelewe kwamba ndiyo kata ya mjini hapa Maswa, kwenye barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kwenda Bariadi na Lamadi. Tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake amekuwa akipanda basi kwenda Kambarage, Shinyanga, au CCM Kirumba, Mwanza. Wengi hawapandi. Wanalipa kiingilio cha kibandani, wanabanana kwenye benchi la mbao chini ya bati linalochoma, na king'amuzi cha Azam kinawaletea Simba na Yanga kutoka Dar es Salaam. Hakuna kati yao aliyewahi kumshika Fei mkono. Hata hivyo siku alipoaga, watu walizungumza kama mtoto wa nyumba ya pili ametoroka na ng'ombe wa mahari.

Jambo ninalotaka kulitazama linampita Fei peke yake. Kijana anayecheza mbali na kwao anapotaka kuondoka, au anaposikika tu kwamba anawaza kuondoka arudi kwao, kwa nini jukwaa hukimbilia kumwita msaliti kabla halijauliza kilichompata? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mashabiki wetu wana ushabiki wa kijinga. Mimi silikubali. Naona shabiki wa Nyalikungu amefundishwa kutoamini, na waliomfundisha ni klabu na wachezaji wenyewe, mwaka hadi mwaka.

Mwalimu wa kwanza ninayemkumbuka ni Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba ilimuuza kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Mambo yakaharibika huko: Okwi alikwenda kwao Uganda kuitumikia timu ya taifa, hakurudi Tunisia, akalalamikia malipo, na FIFA ikamruhusu kucheza SC Villa ya Kampala wakati mgogoro ukiendelea. Mpaka hapo kila shabiki wa Simba alimwonea huruma. Kijana kateseka ugenini, karudi kwao, apumue. Desemba mwaka huohuo Okwi akatua Yanga, mtani wa Simba. Huruma yote ilikauka kwa siku moja, tena Simba bado walikuwa wanazidai zile dola. Agosti 2014 akarudi Simba, na waliokuwa wamemlaani wakaimba jina lake. Msimu wa 2017/18, baada ya kupita Denmark na kurudi tena SC Villa, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa na jezi nyekundu. Ukimuuliza mnazi wa Simba leo kuhusu Okwi, anakumbuka mabao. Lakini somo lilikuwa limeingia: mchezaji akienda kwao, subiri uone atatokea wapi.

Miaka miwili baada ya Okwi kutua Yanga, Haruna Niyonzima, fundi kutoka Rwanda, alichelewa kurudi Yanga baada ya majukumu ya timu yake ya taifa. Desemba 2015 klabu ikatangaza kuvunja naye mkataba. Wiki chache zilizofuata waliyamaliza, akarejea uwanjani. Lile halikuwa na sumu, maana wakati huo hakuonekana upande wa pili. Sumu ilirudi na Bernard Morrison. Mei 2022 Simba ilitoa taarifa kwamba imempa mapumziko Mghana huyo hadi mwisho wa msimu ili ashughulikie mambo yake binafsi. Mashabiki wachache waliamini. Julai alivaa jezi ya Yanga, klabu ileile aliyoikimbia mwaka 2020 kwa mgogoro uliofika hadi mahakama ya michezo ya CAS huko Uswisi.

Basi weka Okwi na Morrison mezani, halafu mlete Fei Toto mwishoni mwa 2022. Shabiki wa Yanga aliyekaa kibandani alikuwa na sababu gani ya kuamini kwamba kijana anaondoka kwa sababu amechoka, na si kwa sababu kuna mfuko wa fedha unamsubiri mahali?

Kesi ya Fei inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ilikuwa na kila kitu. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Yanga wakamtaka aripoti kambini Avic Town, Kigamboni. Upande wa familia ukaingia: mama mzazi akazungumza na vyombo vya habari, na habari ya mwanawe kula ugali na sukari ikageuka utani wa nchi nzima. Nilipokuwa nikisikia utani huo nilikuwa nikijiuliza: hivi tunamcheka nani? Mama anayesema mwanawe hakuridhika alikokuwa, awe amekosea hesabu au hakukosea, ndiye mtu pekee katika sakata lile aliyezungumza kama mzazi. Wengine wote walizungumza kama mawakili.

Halafu ikaja harambee. Fei akaomba Watanzania wamchangie ili aipeleke kesi CAS, na hapo jukwaa likapasuka vipande. Wapo Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, waliosema atoke tu, klabu ni kubwa kuliko mtu. Wapo waliosema arudi aombe msamaha, mtoto akinyea mkono haukatwi. Wapo wa Msimbazi, yaani wa Simba, ambao ghafla walikuwa wanaharakati wa haki za wachezaji, wakimtetea kwa sauti kubwa kuliko wakili wake. Na wapo Wazanzibari ambao hawakuangalia rangi ya jezi, waliona kijana wao anaonewa bara. Kundi hili la mwisho wachambuzi wengi walilipita haraka, lakini ndilo lililogusa kiini. Kwao Fei hakuwa kiungo namba nane. Alikuwa mtoto wa nyumbani aliyevuka maji.

Mwisho wa sakata nao ulikuwa wa aina yake. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Yanga Ikulu kwa chakula cha jioni, baada ya klabu kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Pale mezani akawaambia viongozi walimalize suala la Fei Toto. Siku chache baadaye likamalizika: Fei akatangazwa mchezaji wa Azam FC. Mshabiki aliyefuatilia kila hatua ya kesi kupitia king'amuzi cha Azam alimwona kijana akiibukia Chamazi kwenye kioo kilekile. Hakwenda kwao, alihama mtaa tu jijini Dar es Salaam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19, nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga mwenye 21, Azam ikamaliza ya pili na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2024 alifunga bao la ushindi Azam ilipoichapa Yanga 2-1.

Sasa mwambie mnazi yule kwamba hasira yake ilikuwa ya kijinga.

Pamoja na hayo yote kuna tatizo ambalo jukwaa halilioni, nalo limo ndani ya sheria za mkataba. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinampa mchezaji njia kadhaa za kutoka. Asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu na kuipa siku 15, wasipolipa anaondoka. Mchezaji mzoefu akicheza chini ya asilimia kumi ya mechi rasmi za msimu, anaweza kudai sababu ya kimichezo. Lakini akisaini kabla ya kufikisha miaka 28, miaka mitatu ya mwanzo inalindwa, na akivunja ndani ya muda huo bila sababu halali anaweza kufungiwa miezi minne, mbali na fidia. Soma kanuni hizo kutoka juu mpaka chini, hutakuta mahali panaposema kijana anaweza kutoka kwa sababu hapati usingizi, au kwa sababu mama yake mgonjwa yuko Unguja, Lusaka au Itilima.

Matokeo yake ni nini? Kijana ambaye kweli anataka kurudi kwao analazimika kutafuta sababu nyingine. Wakili atamwambia, tafuta mshahara uliochelewa. Wakala atamwambia, sema kocha hakutumii. Klabu nayo ikikubali kumwachia itaandika sentensi mbili kavu kuhusu "mambo ya kifamilia," sentensi zilezile zilizoandikwa kwa aliyekuwa anahamia kwa mtani. Mkweli na mwongo wanavaa nguo moja. Shabiki aliye kilomita mia nyingi kutoka kambini atawatofautishaje?

Wenzetu wa Ulaya nao wamelipitia hili. José Antonio Reyes alitoka Sevilla kwenda Arsenal Januari 2004 akiwa na miaka 20, akawa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa Uingereza bila kupoteza mechi, lakini hakuzoea London, na mwaka 2006 akarudi Hispania, kwa mkopo, Real Madrid. Mashabiki wengi wa Arsenal walimwona mtovu wa shukrani. Jesús Navas, aliyelelewa klabu hiyohiyo ya Sevilla, alifanya kinyume. Alipokuwa kijana alikuwa akishikwa na hofu kali kila alipolazimika kukaa mbali na nyumbani, watu wakajua, na klabu haikuficha. Alikaa, akatibiwa, akabeba Kombe la Dunia na Hispania mwaka 2010, na alipokwenda Manchester City mwaka 2013 alikuwa tayari. Alirudi Sevilla mwaka 2017, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kilichowatofautisha hao wawili ni kwamba habari za Navas zilikuwa zimesemwa waziwazi mapema, kabla hazijawa habari za usajili.

Kwetu bado hatujafika hapo. Kwetu kurudi nyumbani kuna mzigo wa pili, ambao kibanda cha Nyalikungu kinaujua kuliko jukwaa la Benjamin Mkapa.

Huo ni mzigo wa kuonekana umeshindwa. Farid Mussa alitoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania mwaka 2016, na mwaka 2020 akarudi kucheza Yanga. Shaaban Idd Chilunda naye alipita njia ya Tenerife na kurudi. Msikilize mtu akiwazungumzia: "Ulaya kulimshinda." Hakuna anayeuliza kama Segunda ya Hispania ilimlipa vizuri, kama alijifunza, kama alitaka kuwa karibu na familia. Kijana akienda tunamsindikiza kwa shangwe ya taifa, akirudi tunamhesabia hasara. Mbwana Samatta alipofika Aston Villa Januari 2020, Watanzania walivamia kurasa za klabu hiyo kwa maelfu. Ukubwa wa shangwe kama hiyo ndio unaomfanya mwingine aogope kurudi.

Na hapa Maswa mambo hayo hutokea kwa udogo wake kila mwaka. Kijana anang'ara kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, anaonwa, anaitwa majaribio Mwanza, pengine Alliance, pengine timu ya daraja la kwanza ambayo jina lake wazazi hawajalisikia. Anaondoka na begi jipya. Miezi miwili mitatu inapita. Siku moja basi linasimama stendi, anashuka na begi lilelile, na kabla hajavuka barabara mpiga debe ameshamwuliza: "Vipi mdogo wangu, wamekuacha?" Anaweza kuwa hajaachwa. Anaweza kuwa alilala chumba kimoja na wenzake wanane, hakulipwa hata nauli, akaona bora arudi shule. Lakini mpiga debe ameshatoa hukumu, na kufikia jioni hukumu hiyo itakuwa imezunguka mpaka sokoni. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakibaki ndani wiki nzima. Wengine huondoka tena, safari hii Kahama au Geita kwenye machimbo, ilmradi tu wasikutane na swali lile.

Wasukuma tuna desturi ya zamani inayonisaidia kulifikiria jambo hili. Ngoma za Bagika na Bagalu hushindana kwenye sikukuu ya bulabo, makundi mawili uwanja mmoja, kila moja na wafuasi wake na dawa zake. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji anaruhusiwa kuhama: akichoshwa na wa upande huu anavuka kwenda upande ule, na kuvuka kwake ndiko kura yake. Mpira umegeuza mpango huo. Mtazamaji amefungwa, Yanga ni Yanga mpaka kaburini, na anayehama ni mchezaji. Nadhani sehemu ya hasira inatoka hapo. Mwenye jezi ya kununua hawezi kuondoka, na anamwona mwenye jezi ya kulipwa anaondoka na kubusiwa mashavu na mtani.

Ndiyo maana msamaha wa jukwaa hauna uhusiano wowote na sababu ya kuondoka. Una uhusiano na mahali alipotua na alichofanya aliporudi. Chukua mfano wa Kibu Denis. Katikati ya 2024, muda mfupi baada ya kuongeza mkataba Simba, hakuripoti kwenye maandalizi ya msimu yaliyokuwa yakifanyika Misri. Ikajulikana yuko Norway, Kristiansund, akisaka maisha ya Ulaya. Klabu ikatoa taarifa za ukali, mashabiki wakamchana. Agosti akarudi. Hakuna aliyeeleza kwa kina kilichotokea, na hakuna aliyeng'ang'ania kujua. Desemba 15 mwaka huo, kwenye Kombe la Shirikisho, alifunga mabao yote mawili Simba ilipoifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1, la pili likiingia dakika za nyongeza kabisa. Kesi ikafungwa uwanjani. Clatous Chama naye aliondoka Agosti 2021 kwenda RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi Msimbazi akapokelewa kama ametoka hija. Alipokwenda Yanga Julai 2024, Mwamba wa Lusaka akawa hana jina.

Kwa hiyo napingana na wanaosema dawa ni kuwaelimisha mashabiki, eti wapewe semina za uungwana. Shabiki hana nakala ya mkataba, hajaingia kambini, hajui mshahara umechelewa au haujachelewa. Anajua anachoambiwa, na amedanganywa vya kutosha. Anayeweza kupunguza uhasama ni klabu, kwa kusema kweli mapema na kwa ukamilifu unaoruhusika. Mchezaji akiwa na shida ya kwao, itamkwe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Apewe likizo ya tarehe zinazojulikana, na tarehe hizo zitangazwe. Mkataba wa kijana anayetoka mbali uwe na kipengele cha likizo ya kwenda kwao katikati ya msimu, na nauli yake. Klabu inayoweza kukodi ndege kwenda Algiers haishindwi tiketi ya boti ya Unguja.

Wachezaji nao wana deni. Aliyeaga kwa ujumbe wa mkesha wa sikukuu alijipunguzia watetezi, hata kama hoja yake ilikuwa na uzito. Ukitumia nyumbani kama mlango wa kutokea kwenda kwa mtani, unamharibia kijana wa miaka 19 atakayekuja nyuma yako na shida ya kweli.

Kuhusu Fei mwenyewe hukumu yangu ni hii: alikosea njia, Yanga walikosea kwa kuliacha jambo lifike mpaka Ikulu, na mashabiki waliokasirika hawakuwa wajinga. Kosa lao lilikuwa la kumcheka mzazi.

Mzazi wa Nyalikungu, Malampaka au Bariadi ambaye mwanao ameitwa timu mwaka huu, usimpandishe basi kwa furaha tu. Omba mkataba uone, na kama umeandikwa Kiingereza tafuta mwalimu akusomee. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi na kanuni za FIFA kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, hilo ulijue. Uliza analala wapi, nani anamtibu akiumia, na siku gani anaruhusiwa kuja kukuona. Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi, na nakala moja ibaki kwako.